Ubavu wa Kulia

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa masijala Jumatatu asubuhi, na kufika saa nne kila mtu karakanani alikuwa ameshalisoma isipokuwa mimi. Nililipita mara tatu nikijifanya naenda kuchota puti ya kuzibia mbao. Kusoma najua, lakini nasoma kwa kidole, na sikutaka watu wakione kidole changu kikitambaa juu ya karatasi ya serikali.

Mama wa masijala ndiye aliyenionea huruma.

"Mzee Pamba, hebu njoo. Puti gani hiyo unayochota tangu asubuhi, unajenga ghorofa? Kaa hapo nikusomee. Nafasi moja. Fundi wa vyombo vya majini, daraja la tatu, ajira ya kudumu."

"Na cheti?" nikauliza, maana cheti ndicho kinachoniangusha kila mwaka.

"Cheti cha chuo, au uzoefu wa miaka isiyopungua kumi na kufaulu mtihani wa vitendo."

"Hapo kwenye uzoefu, rudia."

Akarudia, akicheka. Miaka kumi! Mimi nilikuwa na kumi na tisa, yote ya kibarua, miezi mitatu mitatu, kila mitatu ikiisha unapiga magoti upya. Hakuna boti ya serikali iliyopanda nchi kavu kwenye reli zetu ambayo sikuijaza pamba kwa mkono huu. Ndiyo maana wananiita hivyo.

Mtu asiyejua atauliza, mzee mzima kama huyu anaililia ajira ya nini? Nitamwambia. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita kwenye benchi la ukumbi wa hospitali. Wodi ya watumishi ilikuwa na vitanda viwili vitupu. Niliviona kwa macho yangu mlango ulipofunguliwa. Nesi aliomba kadi ya matibabu. Kadi sikuwa nayo, kwa sababu kibarua hapewi kadi, na nilikuwa kibarua kwa sababu kila mkuu aliyekuja aliniambia nisubiri bajeti. Wakubwa hao ndio waliomwua mke wangu. Nimewaambia hivyo usoni, nao wakasema mzee ana gubu. Sasa nimebaki na binti mmoja, yuko kidato cha pili, kifua kinambana kila baridi ikiingia. Nilikuwa naitaka ile kadi kabla kifua hakijamzidi nguvu.

Mwingine aliyeitaka nafasi hiyo ni Shemeji, naye bado kibarua kama mimi.

Huyu ni mdogo wake wa mwisho marehemu mke wangu. Alikuja kwangu hajui hata kushika msumeno. Nilimfundisha mimi, kidole gumba chake cha kushoto kina kovu la nyundo yangu. Halafu ukaja mwaka ambao serikali ilitoa nafasi moja ya chuo kwa karakana yetu. Niliitamani nafasi ile hadi nikakosa usingizi, lakini sikumwambia mtu, nikaona haya. Jioni moja nikamkuta mke wangu mezani anaandika barua ya maombi, kwa mwandiko wake ule mzuri. Moyo ukaruka. Nikasema kimoyomoyo, kumbe ameniona. Nikakaa kimya nisimvuruge, hata kikohozi nikakimeza. Alipomaliza akanisomea. "Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mmoja..."

"Imekaa sawa?" akaniuliza.

"Imekaa sawa," nikasema.

Yeye hakukosea, hakujua. Waliokosea ni wale walioweka nafasi moja mahali penye watu wawili. Lakini Shemeji alirudi baada ya miaka miwili na cheti ndani ya fremu na buti zenye ncha ya chuma, na watu waliokuwa wakiniita Fundi wakaanza kumwita yeye Fundi. Mimi nikawa Mzee. Alipokaa kwenye benchi la karakana alikaa katikati. Alipocheka, hata wahasibu walicheka. Nilikuwa namtazama anavyokunywa maji, namwona anakunywa kwa maringo. Mtu anakunywa maji tu, mimi kifuani panawaka.

Binti yangu alinijazia fomu. Waombaji walikuwa kumi na mmoja, wakachujwa, tukabaki wawili. Wala sikuhitaji kuuliza wa pili ni nani.

Mtihani ulifanyiwa kwenye boti ya zahanati, ile inayovusha manesi na wagonjwa kwenda ng'ambo. Ilikuwa juu ya reli miezi minane ikisubiri sahihi ya mtu mmoja makao makuu ili tununue rangi. Miezi minane juani! Mbao zilikuwa zimekauka na kunywea mpaka ukichungulia kati ya ubao na ubao unamwona mtu wa upande wa pili anavyojikuna. Mkuu wa karakana alitugawia kazi. Tunamwita Bwana Mhuri, kwa kuwa hata akitaka kupiga chafya hutafuta mhuri kwanza.

"Mzee, ubavu wa kulia. Fundi, wa kushoto. Siku mbili. Mnajaza pamba, mnaziba, mnapaka rangi. Jopo kutoka makao makuu litatoa alama."

"Jopo lina fundi ndani yake?" nikauliza.

"Lina wasimamizi wa rasilimali watu."

"Boti nayo imekuwa mtu siku hizi?"

"Mzee, usianze."

Sasa hapa lazima nieleze, maana kisa chote kimelala hapa. Pamba husukumwa kati ya mbao kwa patasi butu tunayoiita chembeu, unaigonga kwa nyundo ya mti. Mbao zikiwa na unyevu unajaza mpaka nyundo inalia kwa sauti nyembamba, hapo umemaliza. Lakini mbao zilizokaukia nchi kavu hazijazwi hivyo. Unaweka uzi mmoja, mwepesi, unaacha nafasi, na nyundo isilie kabisa. Boti ikishuka majini itavuja siku mbili tatu, watu watapiga kelele, wewe unatulia. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinajifunga zenyewe. Ukizijaza mpaka juu zikiwa kavu, zitakapovimba hazina pa kwenda. Zitasukumana mpaka zing'oke kwenye mataruma, ile mifupa ya ndani ya boti, misumari na yote, na ubavu mzima utafunguka. Hilo halipo kwenye karatasi zao. Nilimfundisha Shemeji kwa kumfumba macho na kumwambia asikilize.

Siku ya kwanza asubuhi tulifanya kazi kama inavyotakiwa, kila mtu ubavuni mwake, hatuonani. Lakini nilimsikia. Mapigo yake yalikuwa yangu: mawili mafupi, moja refu, pumzi. Mtu anaiba hata mwendo wa mkono wako, halafu anaenda nao kwenye ajira yako.

Saa sita jopo likaja, watatu, viatu vinang'aa. Mwenyekiti wao akapitisha kidole kwenye ubavu wangu.

"Mbona kuna mifereji? Hii si imejazwa nusu?"

Nilijua jibu. Lilikuwa mikononi mwangu lote, lakini mdomoni halikufika. Nikasema, "Ndivyo inavyokuwa, mheshimiwa. Itavimba." Akaandika kitu.

Wakazunguka upande wa pili. Nikamsikia mwenyekiti akiuliza swali lilelile, na Shemeji akajibu kwa Kiswahili chake cha chuo: asilimia ya unyevu, mtanuko wa nyuzi za mbao. Hata akawachorea kwa chaki. "Safi sana," wakasema. "Umeeleza vizuri." Maneno yangu hayo! Niliyompa mimi, bure, amefumba macho. Yeye kayavalisha tai tu.

Nilisimama pale na nyundo mkononi na sikuona mbele. Nikasema, hawa wanatazama kwa macho. Basi leo nitayapa macho chakula.

Mchana ule nikaanza upya. Uzi wa pili, uzi wa tatu. Niligonga mpaka nyundo ikaanza kulia, na nikaendelea kugonga. Upande wa pili mapigo yakanyamaza. Shemeji akatokea kwenye pua ya boti, buti zake zimejaa vumbi la chaki.

"Shemeji," akasema polepole, "inalia."

"Masikio unayo, hongera."

"Lakini mbao ni kavu."

"Kila mtu na ubavu wake. Rudi kwako."

Akanitazama kwa macho ya dada yake, jambo ambalo halikunisaidia. Akarudi. Kesho yake nikapaka puti, nikasugua, nikapaka rangi mara mbili. Ubavu wa kulia ukawa laini, ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Wa kushoto ulikuwa na mistari kama tumbo la mtu aliyejifungua. Jopo liliporudi, mwenyekiti alijitazama kwenye rangi yangu na kurekebisha kola.

"Huyu mzee ni kiwanda," akasema.

Jumatatu matokeo yakabandikwa. Nilipata themanini na saba. Shemeji sitini na moja: anajua nadharia, kazi yake nyembamba. Boti ingeshushwa Alhamisi mbele ya mgeni rasmi, na hapohapo ningesaini mkataba wangu. Watu walinipa mikono. Mama wa masijala alinikumbatia. Nami, Mungu anisamehe, siku ile nzima nilifurahi. Nilipita mbele ya Shemeji mara nne bila sababu.

Nilijiambia labda haitatokea. Labda mbao zile ni ngumu. Labda wataiendesha polepole. Mtu akitaka kitu sana, hakosi labda.

Jumanne jioni Shemeji alikuja nyumbani. Binti yangu alimrukia. "Mjomba! Baba kakushinda!"

"Kanishinda kweli. Alama ishirini na sita, si mchezo."

"Ulilia?"

"Nililia mpaka nikatafuta kopo la kukingia."

Wakacheka wawili hao, na kicheko chao ni kimoja, cha marehemu. Akala, akanisifu mbele ya mwanangu, hakunisema hata kwa jicho. Nilitamani angalau anune. Mtu akikunyang'anya, unajua la kufanya. Huyu alikuwa ananipa. Nilipomsindikiza hadi kwenye ngazi ndipo akasema.

"Itavumilia siku tatu, nne. Ya tano itafunguka, ikiwa katikati ya maji, na manesi ndani."

"Nenda kamwambie Mhuri basi. Miguu unayo."

"Siwezi."

"Unaniogopa?"

"Nikisema, watasema nina wivu."

Nikacheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kibaya, kama mlango wenye kutu. Yeye! Aogope kuitwa mwenye wivu!

"Nimeshaamua," akaendelea. "Nitaomba niwe kwenye boti wiki ya kwanza yote. Nitachukua pampu na mbao za akiba. Ikianza kufunguka nitajua pa kushika. Wewe saini mkataba wako, Shemeji. Mtoto apate kadi."

Akashuka ngazi.

Watu wengine wangesema pale niliguswa na wema wake. Sikuguswa na chochote. Niliona picha. Niliona boti imefunguka, na yeye, buti zake na yote, anatoa watu majini mmoja mmoja, na jioni jiji zima linamwimba. Na ubavu uliofunguka ni wangu. Na akizama? Akizama ni vibaya zaidi. Atazikwa karibu na dada yake, na kila nikienda kumwona mke wangu nitamkuta yule amefika kabla yangu. Hapana. Kosa langu lilikuwa langu. Sikutaka apande juu yake kama alivyopanda juu ya kila kitu changu.

Jumatano saa moja asubuhi nilikuwa chini ya boti na kulabu. Nikaichoma ile rangi nzuri, nikaanza kuivuta pamba. Ilitoka kwa shida, imekazwa na shetani. Nilikuwa nimefika ubao wa sita Bwana Mhuri alipoingia getini.

"Mzee! Unaharibu mali ya umma!"

"Naitengeneza. Nilikosea. Nilijaza mno, mbao kavu, itapasuka."

"Haiwezi kupasuka. Ilipata themanini na saba."

"Alama haizibi maji, Mkuu."

"Kazi imeshapokelewa! Ina sahihi tatu! Kazi iliyopokelewa haiwezi kuwa mbovu, unaelewa? Ikiwa mbovu sasa, ina maana jopo lilikosea, na jopo halikosei, kwa hiyo unaiharibu wewe, leo, makusudi. Mlinzi!"

Huyo ndiye anayetuongoza. Nimesimama na ushahidi mkononi, pamba inaning'inia kama utumbo, na ananiambia karatasi imesema nzima.

Hapo Shemeji naye akafika. Alitazama mara moja tu, akavua shati, akaokota kulabu ya pili akaja kusimama kando yangu, akaanza ubao wa saba.

"Toka," nikamwambia.

"Tutamaliza haraka."

"Toka ubavuni mwangu! Hata aibu yangu unataka tugawane?"

Wafanyakazi waliokuwa getini wakaangua kicheko. Shemeji akaiweka kulabu chini, akajipangusa mikono, akamwendea Bwana Mhuri. Nikasikia tena: asilimia ya unyevu, mtanuko wa nyuzi. Maneno yaleyale niliyoyasema mimi sasa hivi, ila yamenyooshwa pasi. Dakika tatu. Bwana Mhuri akakuna shingo.

"Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?" akaniuliza mimi.

Nilivuta pamba.

Alhamisi mgeni rasmi aliambiwa kuna hitilafu ya ratiba. Ijumaa nikapata barua, mama wa masijala akanisomea kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa peke yetu. Uteuzi wangu umetenguliwa kwa utovu wa nidhamu, kugusa kazi iliyopokelewa bila kibali. Nafasi apewe aliyefuata. Kuhusu jopo, barua haikusema neno. Mama wa masijala alikunja karatasi mara nne akasema, "Mzee Pamba, ungenyamaza tu." Labda. Hata sasa ziko siku nasema hivyo.

Shemeji alisaini. Siku hiyohiyo alijaribu kumwandika binti yangu kwenye kadi yake. Wakamjibu mpwa si mtegemezi, fomu haina mahali pake. Aliponiambia nilimwona macho yamemwiva, nami nikaona hata machozi hayo amenitangulia.

Boti ilikuwa bado ina ubavu mmoja wazi. Bwana Mhuri alimtaka amalizie. Shemeji akakataa, kwa adabu zake.

"Nimeajiriwa fundi, Mkuu, na fundi anachagua watu wake. Ubavu wa kulia una mtu."

Hivyo nikapewa miezi mitatu mingine, nikarudi chini ya boti ileile. Uzi mmoja, mwepesi. Nyundo haikulia hata mara moja. Yeye alisimama nyuma yangu na daftari la serikali akinisimamia, mimi, na hakuthubutu kusema lolote, na ningeshukuru angesema, nipate pa kumkamata.

Tukaishusha Jumatatu. Ikavuja kama kikapu. Bwana Mhuri alikimbia huku na huku kwenye gati akipiga simu, "Inazama! Fundi, inazama!" Shemeji akamwambia ni kawaida, inakunywa. Tulishinda ndani ya boti siku mbili, yeye kushoto na mimi kulia, maji yamefika vifundoni, tunapiga pampu kwa zamu. Siku ya tatu asubuhi nilipanda kabla yake. Nilipiga magoti kwenye mataruma, nikapitisha kiganja kwenye ubao wa chini kabisa, kutoka pua hadi nyuma, polepole. Kikavu. Nikavuka upande wake, nikapapasa. Bado ulikuwa unatoa jasho sehemu tatu.

Nikarudi kwangu nikakaa, nikamngoja.

"Njoo ushike hapa," nikamwambia alipofika.

Akashika. Akapapasa hadi nyuma, akarudi. Halafu akaenda kushika kwake, na nilimwangalia uso. Kwa mara ya kwanza tangu arudi chuoni niliona kitu kimempita usoni, kidogo, kama mtu aliyekanyaga kokoto. Nilikijua kile kitu kwa jina. Kimekaa kwangu miaka.

"Umenitangulia," akasema.

"Andika."

Akafungua daftari. "Ubavu wa kulia umefunga. Wa kushoto bado."

"Andika ni wa nani."

"Fomu haina sehemu ya jina, Shemeji. Ina sehemu ya tarehe na saa."

"Basi andika saa."

Akatazama saa yake, nami nikainuka nikasimama begani kwake, nikaweka kidole juu ya karatasi nifuate anavyoandika, asije akanipunja hata dakika. Saa moja na dakika arobaini.